Nguzo mbili za Papa Philémon

Miye, watu wa Muhumba, hapa Bukavu, wananijua kwa vitu mbili: sambaza na mudomo. Sambaza, samaki ndogo za ziwa, nauza, mudomo natoa bure. Sikatai. Mama yangu alikuwa vile, mama yake alikuwa vile, na mutoto wangu Francine, mwenye anajifanya mupole juu iko mwalimu, siku moja utamusikia naye. Kwa hiyo nikikuambia nilipiga vita na jirani yangu Papa Philémon, usishangae. Shangaa vile vita yenyewe iliisha.

Kwanza ujue njia yangu. Nyumba yangu iko chini, karibu na ziwa, na barabara iko juu. Kutoka pa mulango yangu mpaka ku barabara kuko njia moja tu, nyembamba. Upande mumoja iko lupango ya miyenzi, ile miti ya maziwa yenye watu wanapanda kuzunguka parsele, kiwanja chao, na nyuma ya lupango njo kwa Papa Philémon. Upande mwingine ni korongo, na ukiteleza pale utajikuta mu ziwa pamoja na sambaza wenyewe. Bila ile njia, miye siko mutu wa Muhumba, niko kuku ndani ya kikapo. Njo kule napita kila asubuhi na beseni ku kichwa. Njo kule walipitisha sanduku ya bwana yangu Jean-de-Dieu siku tulimuzika.

Na tena ujue kwa nini niko mukali. Nyuma ya nyumba yangu kuko ukuta ya mutu fulani mwenye pesa, jina yake sitaitaja juu sitaki kuchafua siku yangu. Ukuta ile ilizaliwa mu matanga. Siku tuko tunalia Jean-de-Dieu, nyumba imejaa, miye nimelala ku mukeka na macho imevimba, ule mutu alituma vijana wakapanda borne. Borne ni nguzo ndogo ya simenti yenye inaonyesha mupaka wa parsele. Ukiiona imesimama na wewe umenyamaza, umekubali. Wakati niliinua kichwa, borne zilikuwa zimekauka na hatua mbili ya udongo yangu zilikuwa zimeenda. Nilizunguka kila pahali. Kila pahali walinipa pole na kiti ya kukalia.

Tangu siku ile niliapa: hata shubiri moja haitaenda tena kama niko macho.

Bon. Sasa Papa Philémon. Iko mutu mwembamba, mupole, alifundisha hesabu miaka makumi tatu, na mpaka leo ukimusalimia mu njia anakujibu kama vile anangoja uandike. Bibi yake Mélanie ni rafiki yangu, tulikuja wote Muhumba tukingali wasichana. Mutu muzuri. Ugonjwa yake ni moja tu, muziki. Iko na mabafle mbili, spika za zamani za mbao, kila moja ukubwa ya mbuzi, na alikuwa anaziweka chini, mu salon, ku sakafu ya mbao. Unajua nyumba za huku kwetu, mulima haukupi pahali pa sawa, unasimamisha nyumba ku miguu na unapigilia mbao. Chini ya sakafu ile ni hewa tu.

Jumapili, nyuma ya misa ya pili, umeme ukiwako, Papa Philémon anafungua rumba ya zamani. Na rumba yenyewe sina neno nayo, miye niliicheza mbele Francine azaliwe, uliza watu. Shida ilikuwa ile bumu-bumu. Sauti ya muimbaji haikunifikia hata siku moja. Kwangu ilifika tu ile ya chini, ya gita kubwa, inapita mu udongo, inapanda mu miguu ya kitanda, inaingia mu tumbo. Vikombe yangu zilikuwa zinatembea ku kabati. Jumapili moja kikombe kimoja kilitembea mpaka mwisho, kikaanguka.

Nikapanda kwake na kipande ya kikombe mu mukono. Nilimwambia kama anataka kunizika, angoje kwanza nikufe. Nilimwambia na mengine, lakini hayo nilitubu. Papa Philémon alikamata kile kipande, akakiangalia sana, kama vile mutoto amemuletea jibu mubaya, akasema nimupe muda, atatafuta dawa yake. Nikarudi kwangu.

Juma ile ile Mélanie alienda Sange, binti yao alizaa kule, akasema atabakia naye miezi mbili. Na Jumapili yenye ilifuata, muziki hakuna. Jumapili nyingine, hakuna. Mutu mwingine angesema asante Mungu. Miye nilianza kuwaza. Wazee walisema kimya kingi kina mushindo mukubwa, na wazee hawakusema bure.

Kwanza nilimuona anashuka na kazie ine, makreti ya bia, chupa zinalia ndani. Kazie ine, na bibi hayuko. Alhamisi ku shirika ya kanisa yetu, wakati wa maombi, nilisema tumukumbuke ndugu mumoja mwenye pombe imemushika. Sikutaja jina. Nilitaja tu nyumba.

Juma ya pili ilikuwa magogo mbili ya kalitusi, mabichi, yanatoka maji. Nikamwambia Francine, unaona, sasa anataka kuchoma makaa hapa hapa mu ville, katikati ya muji, atatuua na moshi. Francine alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua hata kichwa. Juma ya tatu, Papa Philémon alipita na mipira ine ya motokari, anaisukuma mumoja mumoja. Pale nilikaa chini. Mutu akinunua mipira, atanunua motokari. Akinunua motokari, motokari inataka njia. Na njia iko yangu.

Kiisha ikafika siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, Jumamosi, natoka na beseni yangu ku kichwa. Mu katikati ya njia kuko pahali lupango ilioza ikaanguka, na pale udongo iko sawa kidogo, pahali pekee ya sawa mu mulima muzima, Jean-de-Dieu aliisawazisha na jembe yake. Pale, upande wangu wa lupango, nilikuta nguzo mbili. Za mviringo, rangi ya simenti, zimechimbiwa mu udongo, zinanifika ku paja. Juu ya kila moja kuko chuma inachungulia, sawa na borne yoyote. Na katikati yake kamba, imevutwa kabisa, na Papa Philémon amechutama pale, jicho moja limefungwa, nivo, pima-maji ya fundi, mu mukono, anapima.

Mutu mwenye aliumwa na nyoka, hata kamba inamutisha. Na miye pale kamba yenyewe ilikuwa mbele yangu.

Nikatua beseni. Nikamuuliza ile ni nini. Papa Philémon alisimama, akapangusa mikono, na uso yake ilikuwa ya furaha, ile furaha ndiyo ilinikata moyo.

"Asinge, Maman Nsimire," akanisalimia. "Tafazali usiiguse, bado mbichi. Inataka siku saba tu."

Siku saba. Kwa hiyo alihesabu hata siku. Nilimuangalia, nikarudisha beseni ku kichwa, nikapita bila neno. Miye, kupita bila neno. Francine anasema njo pale alijua kwamba niko mugonjwa.

Jioni alinisikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema, kwa ile sauti yake ya darasa, "Mama, si umuulize?"

Nimuulize nini? Mutu mwenye anakuibia, ukimuuliza anakupa hadithi tamu, na weye unarudi kwako umeshiba. Yule wa ukuta nilimuuliza pia, na alinipa soda. Hapana. Nilisema mara hii nitamukamata mbele ya watu, na mbele simenti ikauke.

Na kila asubuhi napita, namukuta anazimwangilia maji. Na kopo, polepole, kama vile nyanya. Kiisha anazifunika na magunia mabichi. Jua likiwaka anakuja tena. Mutu alikuwa analea ma borne yake, nakuambia. Siku moja hata alinipungia mukono na kopo ndani. Nilijibu na kichwa tu, juu nilikuwa naogopa mudomo yangu.

Siku ya tatu nikaenda kwa Papa Chrispin, shefu wa avenue, mutaa wetu. Iko mutu mukubwa wa mwili, na dawa yake ya kila ugomvi ni kuketisha watu wawili mbele ya kasiksi, pombe ya ndizi, mpaka wasahau ni nani alianza. Mutu muzuri, lakini ile dawa haikunifaa. Nilimwambia nataka mupimaji, mwenye karatasi za zamani za parsele, na nataka apime mbele ya watu wote. Papa Chrispin alishika kichwa. Alinikumbusha vile Papa Philémon alisomesha Francine hesabu bure, vile alisimama na siye mu matanga siku tatu. Nikasema yule wa ukuta naye alileta mufuko ya muchele mu matanga.

"Maman," akasema mwisho, "dekametre ya kupimia haina ujirani. Ukiiita, itasema yenye iko nayo ya kusema."

"Njo ile nataka," nikamujibu.

Na kama unafikiri siku zile nilikuwa nalala, unakosea. Nilikuwa naona njia yangu imefungwa, naona Francine anazunguka na viatu mu mukono kutafuta pa kupita, naona siku yangu ya kufa, na watu wamesimama na sanduku yangu mbele ya lupango wanaomba ruhusa. Ijumaa, saa ya mangaribi, nilishika nyundo ya Jean-de-Dieu na nikafika mpaka pale. Nikainua gunia moja. Simenti ya juu ilikuwa laini, nzuri, kazi ya mutu mwenye hana haraka. Nikasema nikizivunja sitakuwa na ushahidi. Nikafunika gunia, nikarudisha nyundo. Ile ndiyo akili yenye nilibakia nayo juma ile, na namushukuru Mungu nayo.

Jumamosi wakajaa. Wamama wa shirika, wavuvi wawili, mutu wa kutengeneza viatu, watu wenye hata siwajui. Watu wa Bukavu ukiwaambia kuko kazi hawafiki, ukiwaambia kuko palabre, maneno ya ugomvi, wanakuja na viti. Mupimaji alikuwa kijana mumoja anaitwa Josué, na buti na dekametre, na karatasi za rangi ya chai kwapani. Papa Chrispin akataka kuanza na salamu na maombi. Nikamukata. Nikasema apime kwanza, maneno nyuma, juu maneno nayajua. Basi Josué akafungua karatasi, akaangalia huku, akaangalia kule, akaanza kushuka na kamba yake, na miye nikaanza kusema.

Nilisema vizuri, siwezi kudanganya. Nilisema mambo ya ukuta, nikasema mambo ya ujane, nikasema mutu mwenye anakutabasamia huku anakuchimbia. Wamama wengine walitoa machozi. Nikamaliza na kidole yangu ku nguzo. Nikasema, muangalie wenyewe, borne mbili, mu njia ya mujane.

Papa Philémon alikuwa amesimama na kopo yake. Aliangalia nguzo, akaniangalia miye, akaangalia nguzo tena.

"Maman," akasema, "hii haiko borne."

"Ni nini?"

"Ni viti."

"Viti ya nani?"

"Ya mabafle."

Hakuna mutu alicheka pale pale. Watu walikuwa wanangoja wasikie kama amerukwa na akili. Na Papa Philémon, mwalimu ni mwalimu, akaweka kopo chini, akawaomba watu wa nyuma wasogee, na akaanza kufundisha.

Alieleza kwamba bafle ikikaa ku sakafu ya mbao, sakafu yote inageuka ngoma. Kila pigo ya gita kubwa inaipiga, mbao inapiga miguu ya nyumba, miguu inapiga udongo, na udongo inashuka mpaka kwa Maman Nsimire. Na sauti ya muimbaji, ile nyembamba, inaishia mu magoti ya watu na mu miguu ya viti, ndiyo maana ndani ya nyumba alikuwa anasikika kama mutu mwenye wamemufunga mu gunia. Dawa yake ni kuinua bafle mpaka urefu wa sikio ya mutu mwenye ameketi, na kuikalisha ku kitu chenye hakitikisiki. Kule mu maduka kuko vyuma za kazi ile, lakini bei yake inafukuza mutu. Kwa hiyo alitafuta mwenyewe.

Alianza na kazie. Aliomba kazie ine za zamani ku bar, akapandisha mbili mbili. Lakini kazie iko na chupa tupu, inaimba pamoja na bafle, na chupa zinapiga makofi. Alijaza chupa muchanga, moja moja, siku mbili, na bado zilipiga makofi.

Maman Lucie, mwenye anaketi karibu na miye ku shirika, aligeuka akaniangalia. "Kumbe njo ile pombe," akasema polepole. Na nyuma yake wamama wakaanza kutikisika mabega.

Kiisha alijaribu magogo ya kalitusi. Mazito, mazuri, lakini mabichi. Yalipoanza kukauka yalipasuka, moja likainama, na bafle ikabakia imeegama ku ukuta kama mulevi. Kiisha mipira ya motokari. Ile ilikuwa laini mno, bafle ilinesa, ukipita karibu inakuitikia, na muimbaji akaonekana amelewa yeye. Pale watu walicheka wazi. Mutu wa viatu alikuwa anajipangusa macho. Hata Papa Chrispin alishika tumbo. Na Papa Philémon hakuona kama wanacheka, alikuwa mu somo yake.

Mwisho alikumbuka kwamba kiti ya bafle inataka vitu mbili, wembamba na uzito. Alikuwa na tiyo, bomba ya plastiki ya rangi ya simenti, yenye ilibakia siku walitengeneza choo, akaikata mara mbili. Akasimamisha kila kipande mu ndoo ya rangi yenye ilikwisha, akamwanga simenti na muchanga mpaka juu, akaweka chuma ya kushikia ubao. Na juu ya ubao ataweka vipande ya kambambili, ndala za zamani, juu mupira ile ya kambambili inakata mutikisiko. Alimupigia Mélanie simu Sange kuomba ruhusa, juu zilikuwa zake. Ndoo alizichimbia hapa sababu nyumba nzima na mulima muzima hakuna pahali pengine pa sawa, na simenti ikikaukia mu mutelemuko inakauka imepinda. Kamba na nivo ilikuwa ya kuhakikisha zinalingana. Moja ikipita nyingine, akasema, muimbaji anaegama upande.

Akainama, akatoa udongo na mikono, akaonyesha. Ndoo ya rangi, ya bluu, na maandiko yake bado.

Kiisha akanigeukia miye. "Nilifanya juu ya kikombe yako, Maman. Sikukuambia, juu mara tatu nilishindwa na nilisikia haya. Nilisema nitakuita siku ziko tayari."

Weee. Haya ilinianzia ku miguu ikapanda mpaka ku masikio. Mutu alikuwa anahangaika mwezi muzima juu ya amani yangu, na miye nilimuombea pombe, nilimupa makaa, nilimupa motokari, na mwisho nilimupa wizi. Kuko neno moja lenye mudomo yangu haina mazoezi nalo, na ni lile la kuomba musamaha. Nililitafuta. Lilikuwa linakuja. Nilikuwa nimekwisha kufungua mudomo.

Pale njo Josué alipanda kutoka chini, anakunja dekametre yake.

"Maman, nilimaliza," akasema. "Nilirudia mara mbili."

Papa Chrispin alimwambia haraka aache, mambo yameisha, watu wameelewana, akunywe maji. Lakini Josué alikuwa kijana wa kazi, walimuita kupima na alipima. Akafungua karatasi juu ya goti. Akasema lupango haiko mupaka, na haijakuwa mupaka siku hata moja. Mupaka inapita kule, ku ukingo wa korongo.

"Njia yote iko mu parsele ya Papa Philémon," akasema. "Kutoka ku barabara mpaka pa mulango yako."

Kicheko yote ikakufa. Si mwizi alikuja, si mutu wa pesa, si mutu wa usiku. Miye mwenyewe nilimuita mupimaji, miye mwenyewe nilisema apime kwanza, nilikusanya mashahidi na viti yao, na nikajitoa mu njia yangu na mudomo yangu. Nilimutafuta Francine na macho. Alikuwa anaangalia chini.

Papa Chrispin alitoa kalamu kama mutu mwenye anatoa mwiba. Sheria ni sheria, akasema. Kama wamepima mbele ya watu, lazima aandike, na mupaka ya kweli ipate alama yake. Akamuuliza Papa Philémon anataka borne zipandwe wapi, aonyeshe leo, mbele ya wote, ili kesho kusikuwe tena maneno.

Papa Philémon alijikuna kichwa. Aliangalia korongo, akaangalia ile njia, akaangalia nguzo zake mbili.

"Shefu, borne inataka simenti," akasema. "Simenti iliisha. Yote niliimwanga mu viti ya mabafle."

Mutu mumoja alicheka, kiisha wawili. Papa Chrispin akasema simenti inauzwa, kila siku inauzwa, hata hapo juu ku barabara. Papa Philémon akatikisa kichwa.

"Ya kazi ile haiuzwi. Andika kwamba njia ni ya Maman Nsimire na watoto wake, na miye niweke mukono."

Na aliweka. Alichukua kalamu, akaandika jina yake yote, na ile mwandiko yake ya ubao. Josué aliweka yake. Papa Chrispin aliweka yake, na alikuwa anapumua kama mutu mwenye ametua muzigo.

Nilimusogelea Papa Philémon. Nilimuuliza kama alijua. Akasema ndiyo, alijua tangu siku ya kwanza. Wakati tulikuwa tunajenga, Jean-de-Dieu alienda kwake kumuomba pa kupita, wakapatana kwa mukono, bila karatasi.

"Alinisihi nisikuambie," akasema, chini-chini, watu wengine wasisikie. "Alikuwa amekwisha kukuambia kwamba parsele yenu inafika mpaka ku lupango. Alitaka uikute kubwa."

Bwana yangu, na majivuno yake. Na huyu hapa, alizika ile siri miaka yote, hata pale Jean-de-Dieu alikufa, hata pale nilimusimamia na kipande ya kikombe na kumutukana ndani ya udongo yake mwenyewe, hata leo, na kalamu iko mu mukono yake. Nililia. Sikulia ya adabu, nililia na sauti, nikamushika Papa Philémon mabega na nikamwambia anisamehe, mbele ya shirika, mbele ya wavuvi, na mbele ya watu wenye siwajui. Alisema hakuna neno, hakuna neno, na alikuwa anatafuta kopo yake juu hakujua mikono aiweke wapi.

Kiisha nikajipangusa na kitenge. Niliwauliza wale wanaume wote wanaangalia nini, kama hawaoni wingu kule juu ya ziwa, na viti ya mutu ziko inje. Nikawaambia wachimbue. Walizichimbua, na ya kwanza sikungoja mutu, niliikamata miye. Ilikuwa nzito, Mungu wangu, mugongo ililia. Papa Philémon akashika chini, miye nikashika juu, tukaanza kupanda nayo. Ku kila hatua alikuwa ananiambia polepole, Maman, polepole, ndani bado haijakauka muzuri, usiigonge, shika sawa. Nikamwambia anyamaze, abebe.